Nimelipanga faili bapa kwenye AS/400, mbona namba hasi zimechanganyika na chanya?

SWALI: Mimi ni mwendeshaji wa AS/400 (kompyuta ya biashara ya IBM) katika kampuni ya usambazaji. Tuna faili la salio za wateja lililotengenezwa zamani kwa amri ya CRTPF RCDLEN(96), yaani baiti 96 kwa kila rekodi, bila DDS (maelezo ya sehemu za rekodi); ndilo faili bapa. Nikilipanga kwa salio, -900 inakaa baada ya 125. Nikilipanga kwa namba ya mteja, zinazoanza na herufi zinatangulia zinazoanza na tarakimu. Fundi mmoja kaniambia nilishushe kwenye laptopu, nilipange kwa Excel, kisha nilirudishe. Nifuate ushauri huo?

JIBU: Usiufuate. Na kama umeshalishusha, usilirudishe.

Faili lako halijaharibika, wala mashine haikukosea. Imepanga kile ulichoipa, yaani baiti. Faili la RCDLEN lisilo na DDS lina sehemu moja tu, yenye jina la faili lenyewe, na kwa mfumo baiti zote 96 ni maandishi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba baiti fulani tatu ni fedha.

Dalili unazozieleza ni za namba zilizobanwa: tarakimu mbili kwa kila baiti, na nusu ya mwisho ya baiti ya mwisho hubeba alama, F kwa chanya na D kwa hasi. Kwa salio la tarakimu tano, likiandikwa kwa heksadesimali (tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F, mbili kwa baiti), 125 ni 00 12 5F na -900 ni 00 90 0D. Zilinganishe kutoka kushoto kama maandishi: 90 imeshaizidi 12 kabla mashine haijafika mkiani kwenye alama.

Suala la herufi ni EBCDIC tu, yaani jinsi AS/400 inavyoziandika herufi kwa baiti. Humo herufi ndogo hutangulia, zikafuata kubwa, tarakimu zikaja mwisho: A ni C1, 0 ni F0. ASCII, mfumo wa herufi wa laptopu yako, huanza na tarakimu. Ukilazimika kuzitanguliza tarakimu, tengeneza jedwali lako la mpangilio kwa CRTTBL na ulitaje kwenye SRTSEQ.

Cha kufanya ni kuipa mashine maelezo inayoyakosa. Andika DDS yenye sehemu zote za rekodi, tengeneza faili jipya, kisha hamisha data kwa CPYF FMTOPT(*NOCHK). Amri hiyo hunakili baiti jinsi zilivyo, bila kukagua chochote, kwa hiyo ukikosea hesabu ya nafasi kwa baiti moja, kila kinachofuata kitasogea. Hesabu mara mbili. Baada ya hapo, faili la kimantiki (linaloonyesha data ileile kwa mpangilio mwingine) lenye ufunguo wa salio, au SQL yenye ORDER BY, litakupa mpangilio sahihi kila siku, hata rekodi mpya zikiongezwa. Amri ya kupanga data, FMTDTA, nayo inafaa, mradi utaje kwamba sehemu hiyo ni namba iliyobanwa, si maandishi. Ukitaka rekodi zenyewe zikae kwa mpangilio diskini, tumia amri ya RGZPFM pamoja na KEYFILE wakati hakuna programu iliyolishika faili.

Sasa huyo fundi. Ushauri wake naukuta kila mahali, na unaniudhi kwa sababu madhara yake hayaonekani siku hiyo. Faili likishuka, mfumo hubadilisha EBCDIC kuwa ASCII, na kwa kuwa faili bapa halina maelezo, hubadilisha hata fedha. Baiti 40 ni nafasi tupu kwenye EBCDIC. Ikifika kwenye ASCII inakuwa 20. Kwa salio lililobanwa, 40 hiyo ilikuwa tarakimu nne na sifuri za pesa ya mteja! Baiti nyingine hugeuka alama zisizochapika, na Excel haikuahidi kukutunzia hizo.

Hata namba zilizoandikwa wazi haziko salama. Excel ikiziona ni namba, hufuta sifuri za mbele, kwa hiyo mteja 00417 anakuwa 417. Hutunza tarakimu 15 tu. Niliwahi kuitwa kwenye kampuni moja ambako akaunti za tarakimu 16 zilipitishwa huko, na zote zikarudi zikiishia na sifuri. Aliyefanya kazi hiyo aliona safu imepangika vizuri, akaondoka. Na faili likizidi rekodi 1,048,576, zinazobaki hazina nafasi kwenye karatasi moja, atakayerudisha faili hilo atakuwa amewafuta wateja.

Anayekushauri kutoa data ya biashara nje ya mashine ili tu kuipanga, muulize kwanza kila sehemu ya rekodi ni ya aina gani. Akishindwa kujibu, usimpe nywila.

Kabla ya kugusa lolote, hifadhi faili kwa SAVOBJ, kisha lifungue kwa DSPPFM na ubonyeze F10 ulione kwa heksadesimali. Tafuta rekodi ya yule mteja wa -900. Ukiiona D mwishoni mwa salio lake, anza kuandika DDS.