Manali hadi Leh kwa baiskeli, gari likibeba mizigo

Mkuu, umeuliza kama mwendeshaji wa wikendi ataiweza Manali–Leh kule Himalaya ya India, akiwa na kundi na lori la kubeba mahema. Miguu itaweza. Kinachowarudisha watu ni hewa: Tanglang La, kipito cha mlimani kwenye barabara hiyo, iko juu ya mita 5,300, na pale unapata karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani.

Kwa hiyo kabla ya bei, dai ratiba ya kulala. Inayokutoa Jispa (mita 3,200 hivi) na kukulaza Sarchu, juu ya mita 4,200, siku hiyohiyo, ikimbie. Uliza pia kama wana mtungi wa oksijeni, na kama lori hukaa nyuma ya mtu wa mwisho au hutangulia kambini kupika. Chai ya moto raha, lakini si wakati mnyororo umekukatikia Gata Loops, kwenye zile kona 21!

Usiku lala na chupa ya maji ndani ya begi la kulalia, la sivyo asubuhi utakuta barafu. Kichwa kikigonga na chakula hakishuki, mwambie kiongozi usiku uleule. Dawa ni kushuka.