Majibu ya oili ya giaboksi yanayopanda na kushuka

Ndugu, umeeleza kwamba kiwango cha chuma (chembe za gia zinazolika) katika oili ya giaboksi, yaani masanduku ya gia, za kinu chenu cha miwa hubadilika kila mwezi, nawe hujui uamini ripoti ipi. Kabla ya kuilaumu maabara, chunguza namna sampuli inavyochukuliwa. Katika kiwanda nilichofanyia kazi karibu na Kisumu, tuliichota kwenye tundu la chini mashine ikiwa imepoa, na chupa ikajaa matope meusi yaliyotuama. Ichoteni ikiwa moto, mahali palepale, kabla ya chujio, mkiandika oili imetumika kwa saa ngapi. Pasipo vali ya kuchotea sampuli kwa usalama mashine ikizunguka, zimeni mashine kwanza, kisha mchote upesi. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, kwa hiyo msingoje ripoti: mwiteni fundi wa giaboksi.