Maswali ya Wasomaji: Ndege wa Delta ya Rufiji

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mvuvi wa kaa katika delta ya Rufiji. Maji yakipwa, ndege hutapakaa topeni. Yakijaa, simwoni hata mmoja. Huenda wapi? Tena wenzangu husema kwamba ndege hao hutumalizia kaa, hasa yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Na mbona hatujapata kuona yai lake? — Msomaji, Nyamisati

JIBU: Ndugu msomaji, ndege hao hawafuati saa ya jua kama sisi, bali saa ya maji. Kwa kuwa maji hujaa na kupwa takriban mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, muda wao wa kula nao husogea, hata ikawa leo wanakula asubuhi na baada ya siku kadhaa wanakula wakati wewe umelala. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji katika pwani yetu inapozidi mita 3, tope pana huachwa wazi na karamu huwa kubwa. Maji mafu yakifika, eneo la kulia hupungua.

Maji yanapojaa hawaendi mbali. Wengine husimama kwa makundi juu ya mafungu ya mchanga ambayo hayajafunikwa, wengine kwenye jangwa la chumvi nyuma ya mikoko, na sululu, ambaye wengi humjua kwa mdomo wake mrefu uliopinda, hupenda kutua juu ya matawi ya mikoko yenyewe. Ukipita na mtumbwi chini yake huenda usimtambue, kwa sababu hutulia kimya na rangi yake ni ya kahawia.

Kuhusu kaa, nawatetea ndege. Kaa wa mikoko unayemuuza wewe akikomaa huweza kupita kilo moja, na hakuna kitwitwi wala sululu awezaye kummeza. Wao huchukua kaa wadogo, wakiwemo wale wenye gando moja kubwa wanaojaa kando ya mashimo yao topeni, pamoja na minyoo na konokono. Hata baina yao wenyewe hawagombanii chakula kimoja: kitwitwi wa mdomo mfupi hukimbia, husimama, hutazama, kisha hudonoa kile alichokiona juu ya tope, ilhali mwenye mdomo mrefu huuzamisha na kumtafuta mnyoo kwa kuhisi, kwa maana ncha ya mdomo wake ina mishipa mingi ya fahamu. Ndiyo maana giza halimkwazi sana.

Huyo mweupe na mweusi, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola, ni wa pekee, kwani katika jamii yake ya kisayansi hakuna spishi nyingine. Chakula chake kikuu ni kaa, naye huwinda hata machweo na usiku, akisaidiwa na macho makubwa. Yai lake hamjaliona kwa sababu hazalii kwetu. Huzalia kaskazini, katika visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Arabuni, ambako huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, mahali ambapo joto la mchanga husaidia kuliatamia. Baadaye huja nasi kupitisha miezi mingi, akiandamana na kinda lake. Ukimwona ndege mwenye rangi ya kijivujivu mgongoni akimfuata mkubwa na kulia akiomba chakula, huyo ni kinda ambalo bado linalishwa, ingawa limekwisha kuruka maelfu ya kilomita. Mimi sijui mzazi mvumilivu kuliko huyo.

SWALI: Kwetu mikoko imefyekwa ili kulima mpunga, na yangeyange wameongezeka. Je, ndege hawajafaidika? — Msomaji, Kibiti

JIBU: Yangeyange amefaidika, naam, kwa sababu hula vyura na wadudu wa shamba la mpunga. Lakini sululu na kitwitwi wa tope la chumvi hawawezi kuhamia humo, na yangeyange mwenyewe huhitaji miti ya kulala na kutaga. Mizizi ya mikoko hushika tope liletwalo na mto, na majani yake yakioza huwalisha kaa na viumbe wengine ambao ndege na wavuvi hutegemea. Ikumbukwe pia kwamba tope hilo hutoka juu ya mto, na bwawa lolote huzuia sehemu yake. Hivyo, tangu Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa maji Desemba 2022, ukingo wa nje wa delta unastahili kuangaliwa kwa makini. Eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhi oevu. Kwa wenye vyombo nina ombi dogo: Machi na Aprili, ndege wanapojilimbikizia mafuta kwa safari, msiwaendee karibu penye fungu walilopumzika maji yakiwa yamejaa, kwa sababu kila wanaporushwa hutumia mafuta ambayo wangesafiria.