Stima imepotea lakini simu inasema taa 14 zinawaka

SWALI: Habari fundi. Niko Section 58 hapa Nakuru, nimeweka Home Assistant (programu ya kusimamia vifaa vya smati nyumbani) kwa kompyuta ndogo iko na UPS, yaani betri ya akiba, na nina taa 11 za smati nimezipanga kwa grupu tatu, Sebuleni, Jikoni na Nje. Nilitaka usiku simu iniambie ni taa ngapi zimeachwa. Sasa nikiwasha taa moja tu ya sebuleni inasema 2, halafu juzi stima ikapotea mtaa mzima, nyumba ni giza tupu, nikaletewa meseji ati taa 14 zinawaka. Templeti yangu, yaani ule mstari wa kupiga hesabu, ndio hii:

{{ states.light | rejectattr('state','eq','off') | list | count }}

Pia ningependa kuhesabu pasi, pampu ya maji na instanti shawa. Nifanyeje?

JIBU: Salama sana ndugu yangu, na asante kwa kuniwekea mstari wenyewe maana hapo ndipo jibu liko. Una shida mbili tofauti zimekutana kwa namba moja.

Ya kwanza ni grupu. Kwa Home Assistant grupu ya taa pia ni entiti ya light (entiti ni kitu kimoja mfumo unachokifuatilia) kama balbu yenyewe, na ikiwa hata balbu moja ndani yake inawaka basi grupu nayo inasema on, kwa hivyo taa moja ya sebuleni inahesabiwa yenyewe halafu grupu ya Sebuleni inahesabiwa tena, unapata 2. Balbu 11 na grupu 3 ndio hiyo 14 yako.

Ya pili ndiyo mbaya zaidi. Wewe umeambia templeti itoe zile ziko off halafu ihesabu zote zinazobaki, lakini taa haina hali mbili tu, kuna unavailable, yaani mfumo hauipati, na kuna unknown, yaani hali yake haijulikani. Stima ikipotea balbu zote zinaingia unavailable, na grupu zikikosa memba wote nazo zinaingia huko huko, sasa hakuna hata moja iko off, zote zinapita. Uliza ni gani ziko on, usiulize ni gani haziko off. Andika hivi:

{{ states.light
| selectattr('state','eq','on')
| rejectattr('attributes.entity_id','defined')
| list | count }}

Ule mstari wa tatu ndio unatupa grupu, kwa sababu grupu hubeba orodha ya memba wake kwa atributi (maelezo ya ziada ya entiti) inaitwa entity_id na balbu ya kawaida haina. Ijaribu kwanza pale Developer Tools kwa Template, washa na uzime taa ukiangalia namba, ikikubali ndio utengeneze sensori kupitia Helpers. Na usianze na states peke yake bila .light, kwa sababu ukisoma entiti zote za nyumba mfumo unapunguza kasi, unapiga hesabu upya si zaidi ya mara moja kwa dakika, lakini ukitaja light pekee inaweza kuwa kila sekunde.

Sasa nataka uelewe kitu kimoja hapa. Hiyo sifuri utakayopata si lazima iwe na maana nyumba imezimwa. Waifai ikianguka taa ya nje inaweza kuwa inawaka mpaka asubuhi na mfumo unaiita unavailable. Kwa hivyo tengeneza sensori ya pili, templeti ile ile lakini badala ya 'on' weka 'unavailable', na mstari wa tatu uubadilishe uwe rejectattr('entity_id','in',['light.sebuleni','light.jikoni','light.nje']) ukiweka majina ya grupu zako, kwa sababu grupu ikiingia unavailable inapoteza ile atributi na ingehesabiwa tena, na meseji ya usiku ibebe namba zote mbili. Kwangu mimi bila hiyo ya pili kazi bado haijaisha. Afadhali pia utumiwe majina, toa count na umalizie na map(attribute='name') | join(', '), lakini hiyo iweke ndani ya meseji yenyewe, si kwa state ya sensori, yaani thamani inayoonyesha, kwa sababu state haipiti herufi 255.

Kwa pasi na pampu, usihesabu states.switch yote. Plagi moja ya smati inaweza kuleta swichi kadhaa, kuna ya kuwasha, ya taa ndogo ya plagi, ya kufungia watoto, na zote zitaingia kwa hesabu. Tumia lebo, ziko tangu toleo la 2024.4: bandika lebo "hesabu" kwa ile entiti unayoitaka peke yake, kisha:

{{ label_entities('hesabu') | select('is_state','on') | list | count }}

Instanti shawa sasa, hapo tafadhali nisikilize vizuri. Shawa ya wati 5500 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 23, na zile moduli nyingi za smati watu wananunua zimeandikwa ampea 10 au 16. Usiipitishe hapo hata kama fundi mwingine anakuambia itashika, kwa sababu itapata moto ndani ya ukuta na hutaiona. Nunua mita ya kubana waya kwa nje, ile ina klampu, inapima tu bila mzigo kupita ndani yake, ifungwe na fundi wa stima mwenye leseni. Kisha tengeneza templeti ya binary sensor, yaani sensori ya on au off tu, badilisha jina uweke la mita yako:

{{ states('sensor.shawa_power') | float(0) > 1000 }}

Hiyo nayo ibandike lebo ile ile ya hesabu, itahesabiwa pamoja na pasi. Pampu kabla hujaiwekea chochote soma kile kibati chake, uniandikie wati zilizoandikwa hapo, maana mota ikianza inavuta ampea nyingi kuliko ikishashika mwendo na plagi ya kawaida inaweza isiiweze.