Kabla hujaianika mbegu ya msituni

Mwaka nilioanza kuotesha mimea ya porini nyuma ya nyumba yetu huku Pemba, nilipewa tenga dogo la matunda ya mpapindi (mti wa jamii ya mnazi na mtende), mekundu, yaliyoiva vyema, nami nikayafanya vile nilivyozoea kuzifanya mbegu za kunde na mbaazi: nikayamenya, nikazianika mbegu juu ya jamvi kwa wiki tatu, kisha nikazitia ndani ya kopo kungojea masika. Mvua ziliponyesha nilijaza viriba sitini, na haukuota hata mche mmoja. Nilipofukua, nilizikuta mbegu zimefanya ukungu, na kila niliyoipasua kwa kisu kiini chake kilikuwa cha rangi ya kahawia na kinanuka.

Aliyenifumbua macho ni bibi yangu, ambaye umri wake wote amelima mikarafuu. Aliniuliza jambo moja tu: "Mjukuu wangu, na mpeta nao ungeuanika?" Kila mkulima wa karafuu anajua kwamba mpeta, yaani tunda lililoachwa mtini hadi likaiva, hupandwa ungali mbichi, ndani ya siku chache, kwani mbegu yake ikikauka imekufa.

Kwa hiyo, unayetaka kuanzisha bustani ya mimea ya asili, jambo la kwanza ni kujua mbegu uliyonayo ni ya kundi gani. Zipo zinazostahamili kukaushwa, kama za mbuyu na mkwaju, ambazo ganda lake ni gumu na huhitaji kurowekwa au kukwaruzwa kidogo ndipo zipitishe maji. Na zipo zisizostahamili, kama za mwembe, za mkarafuu, na za mkoko, ambao mbegu yake huanza kuchipua ingali imening'inia kwenye mti mama.

Zile za kukaushwa, adui yao hapa kwetu ni unyevu wa hewa. Mimi huzifunga katika kitambaa chepesi na kuzitia ndani ya chupa ya kioo yenye mkaa uliokaushwa vizuri, mkaa ukiwa mwingi kuliko mbegu. Kujua kama zimekauka, chukua chupa nyingine kavu, tia mbegu pamoja na chumvi kavu, uitikise na kuiacha kwa muda. Chumvi ikigandamana, mbegu bado zina maji. Andika jina, mahali na tarehe siku hiyo hiyo, maana jina la mti hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji.

Katika hifadhi ya mbegu ya Bustani za Kew huko Wakehurst, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 2000, mbegu za porini hukaushwa na kuwekwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Utaratibu huo, pamoja na uzuri wake wote, hauzifai mbegu zisizokubali kukauka. Hizo ghala lake ni mti wenyewe ulio hai, na kwa sababu hiyo naona bustani ndogo za majumbani zina kazi kubwa visiwani kuliko watu wanavyodhani. Mpapindi, ambao ndugu zake wengi wako Madagaska, asili yake ni Pemba tu, na msitu wa Ngezi ndio makao yake makuu.

Msituni usiingie kuchuma bila ruhusa ya ofisi ya misitu. Ukiruhusiwa, chuma kwa miti mingi badala ya mmoja uliozaa sana, wala usizidishe moja ya tano ya mbegu zilizoiva siku hiyo. Zilizobaki ni za popo, za ndege na za msitu wenyewe.

Mara ya pili nilizipanda mbegu za mpapindi wiki ile ile nilipozipata, kivulini, katika mchanga uliochanganywa na majani yaliyooza, na baada ya takriban miezi miwili vikatokea vichipukizi vyembamba kama sindano. Mche wa kwanza tuliupanda mlangoni kwa bibi.