Shangazi, moyo unanienda mbio ndani ya daladala

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 36, nauza vitenge Tandika, mzigo nachukua Kariakoo. Miezi mitano iliyopita, kwenye daladala lililojaa, moyo ulianza kunienda mbio, jasho likanitoka, vidole vikafa ganzi, nikajua nakufa. Nikashuka njiani. Hospitali wamenipima moyo, presha na sukari, wakasema niko salama. Tangu siku hiyo sipandi tena daladala. Nasali, najikaza, najiambia "usiogope", lakini hofu inazidi. Sasa mzigo anafuata mdogo wangu, analeta vitambaa vinavyododa. Niiondoeje hofu hii? – Mama Vitenge*

Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana kuanza na vipimo. Ila hilo swali lako la mwisho ndilo linalokuchosha. Miezi mitano unaifukuza hofu, na kilichoondoka ni safari ya Kariakoo.

Kuna profesa wa saikolojia wa Marekani, Steven Hayes. Mwaka 1978, kikaoni, wenzake wanabishana, akataka kuzungumza, sauti ikagoma kutoka. Miaka miwili mitatu iliyofuata aliikimbia hofu hiyo, nayo ikawa inamkuta kila aendako. Baadaye alikuwa miongoni mwa walioasisi tiba ya kukubali, inayojulikana kwa kifupi kama ACT. Kukubali huku si kukata tamaa, wala si kule kujikaza tunakohimizana misibani. Ni kuiachia hofu nafasi ikae, huku wewe ukiendelea na lililokutoa nyumbani.

Mfikirie mpiga debe pale stendi. "Mwenge, Mwenge, bado wawili!" Anapiga kelele hadi mishipa ya shingo inamtoka, lakini wewe wa Kariakoo hupandi gari la Mwenge kwa sababu yake. Humzibi mdomo wala hubishani naye. Akili yako nayo ikipiga debe "unakufa, shuka!", sema kimoyomoyo: "Nimepata wazo kwamba nakufa." Sikia nyayo zako sakafuni, ubaridi wa bomba uliloshika, kifua kinavyogonga. Kiache kigonge. Kitapanda, kisha kitashuka chenyewe.

Hapa wengi hukosea: wanapanda ili wapime kama hofu imeisha. Ukipanda kwa nia hiyo umerudi kwenye vita ileile. Panda kwa sababu ya vitenge. Nadhani wewe ni wa kukishika kitambaa kwa kidole gumba na cha shahada, ukakisugua, ukajua kabla ya kukifua kama kitachuja. Mdogo wako hana vidole hivyo, na wateja wako wamekwisha kuliona hilo.

Anza na vituo viwili, saa nne asubuhi wakati magari hayajabanana. Keshokutwa vitatu. Ukishuka mapema siku moja, si dhambi, kesho panda tena.

Usidhani haya ni mambo ya Wazungu wenye nafasi. Huko Rhino Camp, Uganda, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walifundishwa mbinu hizi katika vikao vitano, kwa sauti iliyorekodiwa ya mpango wa Shirika la Afya Duniani, wakisimamiwa na watu wasio madaktari. Matokeo yalichapishwa 2020: miezi mitatu baadaye, msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo.

Lakini kama hofu imekunyima usingizi, au umefika kuona heri usiwepo, usisubiri barua yangu nyingine. Nenda idara ya afya ya akili, Muhimbili ipo, ukaombe kuonana na mwanasaikolojia.

Wiki hii, nauli ya mdogo wako usimpe.