Kusajili ukiwa na timu ndogo: kwa kocha mpya wa Hoops Dynasty

Hoops Dynasty ni gemu la mtandaoni la kuongoza timu za kikapu za vyuo vya Marekani, na kocha mgeni huanzia Daraja la Tatu, katika chuo ambacho vijana wengi unaotaka kuwasajili hawajawahi kukisikia. Hadhi ya chuo huandikwa kwa herufi, kama maksi za darasani. Ukiwa na C na jirani yako ana A, nyote wawili mkamtembelea kijana yuleyule mara zilezile, yeye atapata zaidi kutokana na jitihada hiyo. Ndiyo maana kosa kubwa la makocha wageni ni kuanza usajili kwa kuuliza nani bora katika orodha. Swali lenye faida kwako ni hili: kijana gani anafaa kucheza kwako, na hana mtu mwingine anayemtaka kwa nguvu?

Kabla ya kutafuta jina lolote, hesabu nafasi. Timu ina wachezaji 12, na kila anayemaliza mwaka wa nne anakuachia nafasi moja ya ufadhili wa masomo. Bajeti ya usajili na pointi za usikivu (za kuonyesha unamjali kijana) unazowagawia vijana kila mzunguko hupanda kadiri nafasi zilivyo nyingi. Kocha mwenye nafasi moja tu wazi hana fedha za kugombana na mtu, na mwenye sita ana mfuko mzito. Hapo kuna mtego: ukizijaza zote sita kwa vijana wa mwaka wa kwanza, watakua pamoja na wataondoka pamoja, na baada ya miaka minne utabaki na timu ya watoto. Mgawanyo mzuri ni watatu hivi kila mwaka.

Kwa hesabu hiyo, nafasi ya 12 si lazima ijazwe. Usipoijaza, gemu litakupa mchezaji wa kujitolea asiye na ufadhili. Hatakusaidia uwanjani, lakini kama unacheza ulinzi wa mtu kwa mtu au wa zoni (kila mmoja analinda eneo lake), mtu wa 11 na wa 12 hawagusi mpira mara nyingi, na nafasi hiyo itakuongezea fedha mwaka unaofuata. Kumpa ufadhili wa miaka minne mchezaji dhaifu kwa sababu tu nafasi ipo ni hasara kuliko kuiacha wazi. Kwa timu inayokaba uwanja mzima hali ni tofauti: wachezaji huchoka haraka, kwa hiyo unahitaji watu kumi wanaocheza kweli.

Katika kuskauti, yaani kuwachunguza vijana, fedha ya skauti ni mfuko wake mbali, na sifa za kijana hufunguka hatua kwa hatua hadi hatua ya nne. Anza na jimbo lako na majimbo jirani, maana ziara kwa kijana wa mbali huwa ghali zaidi. Fungua vijana wengi kwa hatua ya kwanza, wachuje, kisha fedha iliyobaki uitumie kuwapeleka hadi mwisho wale wachache uliowapenda. Kumfungua kikamilifu kijana ambaye timu ya Daraja la Kwanza imeshamkalia ni fedha iliyotupwa.

Usidanganywe na jumla ya alama. Jumla hukusanya kila kitu bila kujali anacheza wapi. Gadi, mchezaji wa nje, anaweza kuonekana hodari kwa sababu ana alama nyingi za kuzuia mitupo na za kucheza chini ya kikapu, vitu ambavyo hatavitumia. Kwa mchezesha timu angalia kasi, kumiliki mpira, pasi na ulinzi. Kwa senta, mchezaji wa chini ya kikapu, angalia ribaundi (kudaka mipira iliyokosa kikapu), uwezo wa kiriadha, ulinzi na kuzuia mitupo. Mtupaji wa mbali asiye na kasi wala umiliki wa mpira hatapata nafasi ya kutupa.

Linalofuata ni uwezo wa kukua, na hapa ndipo timu ndogo inapopata riziki yake. Tuseme kuna masenta wawili: mmoja ana ribaundi 55 na nafasi yake ya kukua ni ndogo, mwingine ana 40 na nafasi yake ni kubwa. Timu kubwa zitamkimbilia wa kwanza kwa kuwa anaonekana tayari. Lakini kijana mwenye nafasi kubwa katika sifa fulani anaweza kuongeza alama 20 au zaidi kabla ya kuhitimu, na huyo wa 40 akifika mwaka wa tatu atakuwa amempita mwenzake. Masharti ni mawili: bidii ya kazi na dakika za kucheza. Bidii ikiwa chini ya 30 au hapo, alama zitapanda kwa kujikokota na kipaji kitahitimu kabla ya kukomaa. Hili lisipuuzwe hata kidogo. Kati ya mambo yote yaliyo kwenye kadi ya kijana, bidii ndiyo wageni husahau kuitazama.

Baadaye soma anachokipenda. Kila kijana ana matakwa yake: kucheza karibu na nyumbani, au mbali, kupata dakika mapema, timu inayoshinda, kocha wa muda mrefu, timu inayojijenga upya, mfumo fulani wa mashambulizi au wa ulinzi. Timu yenye C haiwezi kumpa kijana mafanikio, lakini inaweza kumpa ukaribu, dakika, na ujenzi mpya kwa kocha aliyefika juzi. Kijana mwenye matakwa matatu yanayolingana nawe anaweza kufidia pengo la hadhi kati yako na jirani mwenye B. Anayetaka ushindi na ligi yenye nguvu mwache aende zake, hata kama anaishi mtaa wa pili.

Kwa nafasi nne zilizo wazi, andika majina kumi na mbili hivi. Wanne unawataka kweli, wanne wanatosha, na wanne ni wa akiba ambao hakuna anayewafuata. Wote wape pointi za usikivu tangu mwanzo, japo chache kwa wa mwisho, kwa sababu pointi ndizo zinazofungua milango: bila hizo huwezi kumpa ufadhili, kumtembelea nyumbani wala kumwalika chuoni. Kijana mmoja hupokea ziara za nyumbani zisizozidi 20 na mwaliko wa chuoni mmoja. Kocha anayetaka kumaliza kazi hutumia zote, kwa hiyo weka bajeti ya mapambano kamili kwa mtu mmoja, wawili wakizidi. Kumpa kila mmoja ziara tano tano ndiko kupoteza wote wanne.

Kabla ya kumwaga ziara, chungulia wanaomtaka. Fungua ukurasa wa timu pinzani uone ina nafasi ngapi wazi, hadhi gani, na inamfuata nani mwingine. Mpinzani mwenye hadhi kubwa lakini nafasi moja, akiwa amejiingiza vitani kwa vijana watatu, anapigika. Mwenye nafasi tano na kijana mmoja tu machoni mwake, mwenye nguvu mpishe. Timu zinazoendeshwa na kompyuta ni rahisi kuzishinda kuliko kocha binadamu, ila usizidharau kiasi cha kutoweka ziara hata moja.

Uamuzi wa kijana una bahati nasibu ndani yake. Timu zilizofikia kiwango cha juu au cha juu sana cha mvuto ndizo zilizo kinyang'anyironi, na kila moja ina nafasi yake ya asilimia. Maana yake aliye nyuma kidogo anaweza kushinda, na aliye mbele anaweza kupoteza. Kiwango chako kikikaa cha kati huku mwingine yuko juu sana, ondoka mapema. Ziara za kuongeza matumaini hazitakurudishia kitu. Na ukishindwa kwa kura ya bahati, usilipize kisasi kwa kumwaga fedha kwa kijana mwingine usiyemwelewa vizuri.

Muda wa kusaini nao umeandikwa kwenye kadi. Wapo wanaosaini mapema, wapo wanaosubiri mwisho wa awamu ya kwanza ya usajili, na wapo wa awamu ya pili. Anayesaini mapema mpelekee kila kitu siku za mwanzo au muache kabisa. Fedha unayobakiza utaingia nayo awamu ya pili, na huo ndio wakati mtamu kwa timu ndogo: makocha wakubwa wameshajaza, na vijana wazuri waliokuwa wakiwasubiri wamebaki bila mwenyewe. Ukiwa na theluthi ya bajeti mkononi, unaweza kumpata mtu ambaye awamu ya kwanza asingekutazama.

Wachezaji wa vyuo vya miaka miwili nao huachwa njiani. Maishani Ben Wallace alipitia chuo cha namna hiyo, Cuyahoga, akaenda Virginia Union ya Daraja la Pili, hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya 1996 (uteuzi wa wachezaji wapya) ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kisha akawa bingwa na Detroit mwaka 2004. Katika gemu mtu kama huyo huja akiwa amekomaa kimwili, lakini ana misimu michache tu ya kujifunza mfumo wako. Mchukue kuziba pengo la mwaka unaomwona mbele, usimchukue kujenga msingi.

Mwisho, ahadi. Unaweza kumwahidi kijana kuanza mechi au dakika kadhaa, na kwa timu ndogo hiyo ni silaha inayoshinda ziara nyingi. Ahidi kuanza kwa mmoja tu kwa mwaka, na kwa nafasi ambayo kweli iko wazi. Akija ukamkalisha benchi, anaweza kuhama msimu ukiisha, na fedha yote uliyomtumia itakuwa imemjengea kocha mwingine mchezaji. Kwa hiyo siku anaposaini, kabla hujafunga kompyuta, fungua ukurasa wa kikosi cha msimu ujao uandike dakika zake hapohapo.